Hamu Ikishapoa: Mwongozo Kamili wa Kuwafanya Watu Waendelee Kujiandaa na Maafa

Ukitaka kuzungumza na watu kuhusu mafuriko, nenda wiki moja baada ya mafuriko. Ukumbi utajaa, wengine watasimama madirishani, na kila mtu atakuwa na la kusema. Itisha mkutano huohuo miezi minane baadaye: watakuja wazee watatu, mwenyekiti, katibu wake, na kijana mmoja aliyeingia kukwepa jua. Ajenda haijabadilika, mto haujahama. Kilichoondoka ni joto la tukio.

Wanaouza bima ya mafuriko wanalijua hili vizuri. Wateja humiminika mara baada ya maji kupungua, kisha wengi huacha kulipia baada ya miaka michache ya ukavu. Ukiwauliza kwa nini, hesabu yao inaeleweka kabisa: nimelipa, hakuna kilichotokea, hela imekwenda bure. Mtu huipima hatari kwa kile anachokikumbuka, na kumbukumbu ya maji ndani ya sebule hufifia pamoja na alama ya tope ukutani ikishapakwa rangi.

Kwa hiyo nikuambie mapema msimamo wangu. Usijichoshe kujaribu kuwaweka watu kwenye joto la wiki ile ya kwanza. Huwezi, na wala si haki kumtaka mtu aishi miaka mitano roho juu. Ikamate hamu ingali ipo, uigeuze kuwa vitu visivyohitaji hamu ili viendelee: tarehe, alama, mazoea, kazi yenye mwenyewe, wimbo wa watoto. Hatua zinazofuata ni za kufanya hivyo. Zimeandikwa kwa ajili ya kamati za mitaa, walimu, viongozi wa dini, vikundi vya kujitolea, na yeyote aliyewahi kupewa kipaza sauti akaambiwa “wahamasishe watu”.

Hatua ya 1: Chagua hatari moja na tendo moja

Makosa mengi huanzia kwenye bango lenye picha kumi: tetemeko, kimbunga, moto, ukame, radi, maporomoko. Anayelitazama hatoki na chochote. Chagua hatari inayowahusu zaidi watu wa hapo, kisha chagua tendo moja ambalo likifanywa na kila nyumba litaokoa roho nyingi kuliko mengine yote. Kwenye pwani yenye hatari ya tsunami, tendo hilo ni kupanda mlima mara tu ardhi inapotikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, bila kungoja king’ora. Bondeni ni kujua maji yakifika kiwango gani mnaondoka, na kwa njia ipi. Mengine yatafuata, lakini mwaka wa kwanza ni wa tendo hilo moja.

Usilichague ofisini. Tembea na wakazi wa siku nyingi, waulize maji yaliwahi kufika wapi, ukuta gani ulianguka, daraja gani lilikatika. Palipotajwa, weka alama inayoonekana: mstari wa rangi kwenye nguzo, mwaka ukiandikwa pembeni. Kijiji cha Aneyoshi, Japani, kina jiwe lililosimikwa baada ya tsunami ya 1933, likiwaonya watu wasijenge nyumba chini yake. Mwaka 2011 maji yalipanda bonde lile na kusimama kabla ya kulifikia jiwe. Halihitaji semina wala bajeti ya mwaka. Anayetaka kujenga analikuta njiani.

Hatua ya 2: Andaa orodha yako kabla ya tukio, uitoe likitokea

Baada ya maafa, au hata baada ya kimbunga kilichopita pembeni, mlango hufunguka kwa wiki chache. Viongozi wanasikiliza, wahisani wanauliza “tufanye nini?”, majirani wanakubali kuandikishwa. Asiye na jibu siku hiyo hupewa blanketi na hotuba.

Kaa na orodha fupi, iliyokwisha kupigiwa hesabu. Iwe na mambo ambayo yakishapitishwa hayarudi nyuma kirahisi: vibao vya njia ya kujiokoa, kanuni ya ujenzi inayozuia nyumba kwenye mkondo wa maji, fungu dogo la kudumu kwenye bajeti, daftari la wanaojitolea, tarehe ya zoezi kwenye kalenda ya shule. Kampeni ya matangazo isiwemo. Itakufa pamoja na habari.

Neno moja kuhusu kunusurika. Kimbunga kikikwepa, wengi hujifunza kinyume cha unachotaka: “Walitutisha, tukakaa, na hakikutupata.” Usiache simulizi hiyo itangulie. Siku hiyohiyo waeleze kilipita umbali gani, na kingegeuka kidogo nyumba zipi zingeondoka. Watajie hizo nyumba.

Hatua ya 3: Weka tarehe isiyohama

Jambo lisilo na tarehe hungoja mtu mwenye bidii, na mwenye bidii huhamishwa, huumwa, au huchoka. Japani ina Siku ya Kuzuia Maafa kila tarehe 1 Septemba, siku lilipotokea tetemeko kubwa la Kantō mwaka 1923. California walianza zoezi la pamoja la tetemeko mwaka 2008, na sasa hufanyika Alhamisi ya tatu ya Oktoba, likiwa limeenea nchi nyingi. Umoja wa Mataifa nao umetenga tarehe 13 Oktoba kwa upunguzaji wa hatari za maafa, na 5 Novemba kwa tsunami.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Meksiko. Tetemeko la tarehe 19 Septemba 1985 liliua maelfu, na baadaye tarehe hiyo ikawa ya mazoezi. Mwaka 2017 watu wa Jiji la Meksiko walifanya zoezi saa tano asubuhi, wakarudi kazini, na saa saba na dakika kumi na nne mchana tetemeko la kweli la kipimo cha 7.1 likapiga. Mwaka 2022, tarehe ileile, zoezi lilikuwa limekwisha kwa muda usiotimia saa moja ardhi ilipotikisika tena. Ni sadfa tupu, matetemeko hayasomi kalenda. Lakini fikiria mtu aliyeshuka ngazi asubuhi akinung’unika kwamba anapotezewa muda, na mchana akazishuka tena mbio.

Kwenu, tafuteni tarehe yenye maana ya aina mbili: ina kumbukumbu, na iko kabla ya msimu wa hatari. Ikibidi kuchagua moja, chagueni iliyo kabla ya msimu. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Kila mwezi ni njia ya uhakika ya kuwafanya watu wazime simu wakikuona.

Hatua ya 4: Punguza vitisho, ongeza la kufanya

Picha za maiti na nyumba zilizobomoka huvuta macho, kisha hufunga masikio. Mtu aliyetishwa bila kupewa la kufanya hana njia nyingine ya kujituliza ila kujiambia “Mungu atatunusuru”, na kubadilisha mada. Hofu kidogo inasaidia ikiwa imefuatwa papo hapo na kazi ndogo inayowezekana.

Linganisha. Tangazo la kwanza: “Wananchi wote mnahimizwa kuchukua tahadhari dhidi ya maafa yanayoweza kutokea wakati wowote.” Nani amewahi kuinuka kitini kwa maneno hayo? La pili: “Leo jioni, kabla ya kula, kubalianeni nyumbani: tetemeko likitukuta tumetawanyika, tutakutana wapi? Chagueni sehemu mbili, moja ya karibu na moja ya mbali.” La pili lina siku, saa, watu na swali lenye jibu. Kila ujumbe unaoutoa uupitishe kwenye kipimo hicho: msikilizaji anaweza kulimaliza jambo hili leo, kwa alichonacho? Kama hawezi, upunguze mpaka aweze.

Tena, watu huwatazama majirani kuliko mabango. Ukiwaambia “wengi wenu hamjajiandaa”, umewapa kibali cha kuendelea hivyo, kwani hakuna aliyejiandaa. Afadhali umwoneshe mama wa nyumba ya pili akilifunga kabati lake ukutani kwa vyuma, na yeye mwenyewe aeleze ilimchukua muda gani.

Hatua ya 5: Zoezi liwe na ladha, lakini usihamishe mlima

Mazoezi mengi ya kujiokoa yanachosha kwa sababu ni yaleyale: kengele, foleni, uwanjani, kuhesabiwa, hotuba, kwaheri. Mwaka wa tatu hata mwalimu anatembea akichati.

Mjini Kobe, miaka kumi baada ya tetemeko la 1995, walibuni kitu kilichogeuza mambo. Watoto huleta vitu vya kuchezea walivyovichoka na kubadilishana kwa pointi. Anayetaka pointi zaidi hupita kwenye vituo vya michezo: kupokezana ndoo za maji, kulenga shabaha kwa kizima moto, kubeba chura mkubwa wa kitambaa kwa machela ya blanketi. Kwa Kijapani neno la chura, *kaeru*, linafanana kwa sauti na neno la kubadilisha, ndiyo maana chura akawa nembo. Mzazi aliyekuja kumsindikiza mwanawe anajikuta ameshika ncha ya blanketi, akifundishwa namna ya kuikunja ili mgonjwa asidondoke. Hakuna aliyemwambia amehudhuria mafunzo.

Nanyi badilisheni kitu kimoja kila mwaka. Mwaka huu ngazi moja “imeziba”, mwakani kiongozi wa zoezi “hayupo” na hakuna aliyeambiwa. Lifanyeni mara moja usiku, taa zikiwa zimezimwa. Mwenye kiti cha magurudumu na asiyesikia king’ora wawemo tangu kupanga, maana wao ndio watakaoonesha mpango una tundu wapi. Zoezi lenyewe lisizidi nusu saa. Robo saa ya mwisho wape watu waseme kilichowakwamisha, na mtu aandike.

Sasa niseme jambo zito. Katika mji wa Kamaishi, Japani, shule zilikuwa zimefundisha kwa miaka kadhaa kanuni tatu: usiyaamini makadirio ya ramani za hatari, fanya kila uwezalo, na uwe wa kwanza kukimbia ili wengine wakufuate. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko kubwa lilipopiga, wanafunzi wa sekondari katika eneo la Unosumai walitoka mbio bila kungoja tangazo. Wadogo zao wa shule ya msingi jirani walikuwa wamekwishapandishwa ghorofa ya tatu. Walipowaona wakubwa wanakimbia, nao wakateremka na kuwafuata. Walifika mahali palipopangwa, wakaona ukingo wa mlima unaporomoka, wakaendelea kupanda, wakubwa wakiwashika wadogo mikono. Shule zote mbili zilizama. Karibu wanafunzi 3,000 wa mji ule waliokuwa shuleni au njiani waliokoka.

Palepale Unosumai kulikuwa na jengo la kituo cha kuzuia maafa. Halikuwa mahali pa kukimbilia tsunami, mahali penyewe palikuwa juu. Lakini katika mazoezi yaliyotangulia lilitumika kama mwisho wa safari, kwa sababu wazee walishindwa kupanda na waandaaji walitaka mahudhurio yaongezeke. Na yaliongezeka. Siku ya tsunami watu walikwenda walikozoea kwenda, na zaidi ya mia moja wakafia humo.

Hao waandaaji hawakuwa wazembe. Walikuwa wakifanya hasa kile ambacho mwongozo huu unakifundisha, kuwarahisishia watu ili wasiache kuja. Basi shika mpaka huu: rahisisha saa, rahisisha mavazi, weka chai, weka mchezo, mbebe mzee kwa kiti. Mahali pa kukimbilia hapahamishwi. Ni heri watu arobaini waliofika juu kuliko mia mbili waliofundishwa kusimama pabaya.

Hatua ya 6: Wakabidhi watoto, na uwape wimbo

Kisiwa cha Simeulue, karibu na Sumatra nchini Indonesia, kilipigwa na tsunami mwaka 1907. Waliobaki waliifunga habari ile kwenye neno moja, *smong*, wakaiimba, wakawabembelezea watoto: ardhi ikitikisika kwa nguvu, bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Miaka tisini na saba ilipita. Tarehe 26 Desemba 2004 kisiwa kilikuwa na watu wapatao 78,000, karibu kabisa na kitovu cha tetemeko lililoleta tsunami ya Bahari ya Hindi. Walipiga kelele za *smong* wakapanda, na waliokufa kisiwani walikuwa saba.

Hakukuwa na king’ora. Kulikuwa na maneno mafupi, ishara mbili na tendo moja, yakirithishwa na bibi. Huo ndio ukubwa unaotakiwa. Mpe mtunzi wa hapo hatari na tendo mlivyovichagua katika hatua ya kwanza, autunge wimbo kwa lugha ya nyumbani na mdundo ambao watoto tayari wanauruka nao. Usimwongezee aya za sera. Kisha ngoja: wimbo ukishaimbwa bila mwalimu kuwepo, umeshika. Usiposikika uwanjani baada ya miezi mitatu ni mbovu, tunga mwingine.

Shuleni, kazi ya nyumbani yenye faida kuliko zote ni mtoto kuchora njia ya kutoka nyumbani kwake hadi mahali salama, mzazi akatia sahihi. Mzazi asiyekuja kwenye mkutano wako ataulizwa maswali na mwanawe mezani, na hapo hana pa kutorokea.

Hatua ya 7: Kila kazi iwe na mwenyewe, na mwenyewe awe na pacha

Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika eneo ambalo sasa ni Bangladesh. Mpango wa kujiandaa na vimbunga ulianzishwa huko 1972, na leo una watu wanaojitolea zaidi ya 70,000. Vikundi vyao vimegawana kazi: wa kutoa ishara, wa makazi ya dharura, wa uokoaji, wa huduma ya kwanza, wa misaada. Bendera zinapandishwa moja, mbili, tatu kadiri hatari inavyokaribia, na vipaza sauti vinapita mtaa kwa mtaa. Wanawake wameongezwa kwa makusudi, kwani ujumbe uliopita kwa wanaume tu ulikuwa unaishia mlangoni. Vimbunga vikali bado vinakuja, lakini vifo vimeshuka mno.

Ninachokitazama hapo ni kwamba mtu hana “uanachama” tu. Ana kazi. Anayeitwa “mwanakamati” hupotea, anayeitwa “mwenye ufunguo wa stoo na filimbi” hurudi, kwa sababu asiporudi itaonekana. Gawanya kazi mpaka ziwe ndogo: anayepima mto, anayemgongea mlango mjane wa nyumba ya kona, anayechaji redio. Kila kazi iwe na watu wawili. Baada ya miaka miwili mpe mtu ruhusa ya kupumzika kwa heshima, kabla hajatoroka kwa aibu. Washukuruni hadharani, kwa majina. Jaketi la rangi kali lenye jina la kikundi mgongoni linafanya kazi kubwa kuliko bei yake.

Hatua ya 8: Akiba inayojizungusha

Nenda ukalifungue begi la dharura ulilolifunga miaka mitatu iliyopita. Tochi imevujiwa, betri zimetoa unga mweupe uliogandisha springi. Biskuti zina harufu ya sabuni iliyowekwa nazo. Viatu vya mtoto ni vya mtoto aliyekuwa na miaka minne, naye sasa ana saba.

Begi la namna hiyo linadai kukumbukwa, na tumekubaliana kwamba kukumbuka hakudumu. Wafundishe watu njia ya kuzungusha: nunua kidogo zaidi ya mnachokula kila siku, kipya kikae nyuma, cha zamani kiliwe kwanza, kilicholiwa kirudishwe. Hakuna chakula cha maafa, ni chakula cha nyumbani kilichozidi kidogo. Maji hesabu lita tatu hadi nne kwa mtu kwa siku, angalau za siku tatu. Tochi ikae mahali mnapoitumia umeme ukikatika, si uvunguni. Nakala za vitambulisho na dawa za kila siku ndizo pekee za kukaguliwa kwa tarehe, nayo iwe siku ileile ya zoezi.

Hatua ya 9: Tahadhari isipotimia, rudi kwa watu

Mtawahamisha watu na mvua isije. Itatokea, tena zaidi ya mara moja. Kinachoua imani ni kimya kinachofuata kuliko kosa lenyewe. Ndani ya siku moja au mbili waambie: tuliona hiki, kwa kipimo hiki, tukaamua hivi, baadaye kikabadilika hivi, na tukikiona tena tutaamua vilevile. Wasikilize waliopoteza siku ya biashara, hasira yao ni ya haki. Kisha igeuze kuwa zoezi: ilituchukua muda gani, nani aliachwa nyuma, geti gani lilikuwa limefungwa?

Hatua ya 10: Pima kilichobaki, acha kuhesabu vichwa

Ripoti nyingi hujaa idadi ya waliohudhuria na picha ya pamoja. Hazikuambii kitu. Mara mbili kwa mwaka, siku ambayo hakuna tukio wala mkutano, simama sokoni au kituo cha basi na uwaulize watu ishirini usiowachagua maswali matatu: utajuaje kwamba ni wakati wa kuondoka? Utakwenda wapi? Utamchukua nani? Andika majibu yao kama walivyosema, hata ya mzaha.

Kumi na wanane wakijua na wawili hawajui, endeleeni kama mlivyo. Wakigawanyika nusu kwa nusu, angalia hao wasiojua ni akina nani. Mara nyingi utakuta ni wapangaji wapya, wahamiaji wasioijua lugha ya matangazo, au wanaofanya kazi zamu ya usiku na hawajawahi kuwepo zoezi likifanyika. Zoezi lijalo lifanyike kwa saa zao. Na majibu hayo yabaki kwenye daftari moja lenye nakala mbili, moja kwa katibu na nyingine mahali ambapo katibu ajaye ataikuta hata kama hakuna atakayemwambia ipo.